Kibodi ya Manila

Wananchi wa Kiptere, Sotik, Kaplong na kila kilima ambapo majani chai hupewa mbolea kabla watoto hawajapewa uji, mnatangaziwa kwamba katika mwaka huu wa elfu moja mia tisa tisini na tano, Sayansi imewatembelea. Imekuja imevaa suruali ya kijivu iliyopigwa pasi ya makaa mpaka ikang'aa magotini, na jina lake ni Nicholas Kipkemoi, mwana wa Mathew na Rodah, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Sayansi ya Kompyuta katika chuo kikuu cha serikali. Vueni kofia. Wenye mafua wasogee nyuma.

Nicholas alizaliwa kama watu wengine, jambo ambalo baba yake amejaribu mara nyingi kulikanusha. Mathew husema kijana alionyesha dalili akiwa na miaka sita, siku alipofungua redio ya nyumbani kwa kisu cha mkate ili aone watu wanaosoma habari. Watu wengine wa Kiptere wanaikumbuka siku hiyo kwa njia tofauti kidogo: wanakumbuka kwamba redio haikusema tena. Mathew aliiweka juu ya kabati ikiwa na waya nje kama matumbo ya kuku, na kila mgeni aliyekuja alionyeshwa. "Huyu atakuwa injinia," Mathew alisema. Wageni wakanywa chai yao na kusema ndiyo, kwa sababu chai ilikuwa yake.

Shuleni alikariri. Alikariri mito, akakariri vita, akakariri hata makosa ya uchapaji yaliyokuwa kwenye kitabu cha jiografia. Barua ya chuo kikuu ilipokuja, Mathew aliibeba kwenye mfuko wa koti kwa miezi miwili, mpaka ikakatika mahali ilipokunjwa, na aliyekutana naye sokoni akinunua kamba ya ng'ombe aliondoka na kamba na habari za kompyuta.

Sasa kuhusu hizo kompyuta.

Darasa la Nicholas lilikuwa na wanafunzi arobaini na wawili. Kompyuta zilikuwa tatu, na moja katika hizo ilikuwa ya kutolewa spea. Zilikaa katika chumba chenye zulia na mapazia, chini ya ulinzi wa fundi wa maabara aliyeitwa Kepher, mwanamume mwembamba mwenye koti jeupe, ambaye angeweza kulinda benki. Sheria za Kepher zilikuwa chache. Viatu unavua mlangoni, kwa sababu ya vumbi. Mikono unaosha. Hupigi chafya, ukisikia inakuja, unatoka nayo nje. Kila mwanafunzi alipata dakika ishirini kwa wiki mbili, tena wawili wawili, mmoja akibonyeza na mwingine akimsomea daftari. Na swichi hakuna kugusa. Kepher alifungua chumba mapema peke yake, akawasha mashine zake mlango ukiwa umefungwa, ndipo akawaita wanafunzi. Walipomaliza, walitoka, akabaki nazo. Kwa miaka mitatu Nicholas hakuwahi kuiona kompyuta ikiwashwa wala ikizimwa. Kwake ilikuwa kama jua: ukiamka unalikuta liko tu.

Na hizo saa nyingine zote za wiki mbili? Mhadhiri alikuwa na jibu. "Nunueni manila," aliwaambia. "Kila mtu achore kibodi yake. Vidole havijui kama ni plastiki au ni karatasi."

Basi taifa likasonga mbele. Wanafunzi arobaini na wawili walinunua karatasi za manila, wakachora vitufe kwa kuzungusha kalamu kwenye kizibo cha soda, kile kirefu cha chini wakakichora kwa rula. Baada ya chakula cha jioni hosteli nzima ilikuwa tap-tap-tap, kama panya wanaohama darini. Nicholas aliwapita wote. Vidole vyake vilikimbia bila macho kuangalia. Aliandika programu ndefu za kupanga ghala lote la mbolea, na hakuna hata moja iliyoleta hitilafu, kwa kuwa manila haijawahi kumwambia mtu amekosea. Mtihani ulifanywa kwa kalamu. Alipata A.

Kisha ikaja shida. Kabla ya kuingia mwaka wa nne, kila mwanafunzi alitakiwa kukaa miezi mitatu katika ofisi yenye kompyuta akijifunza kazi, yale mambo wao huita atachimenti. Bila barua ya ofisi, unarudia mwaka. Ofisi za Nairobi zilichukua wale wenye wajomba. Mjomba wa Nicholas alikuwa karani wa josho la ng'ombe. Kwa hivyo kijana alikunja kibodi yake mara nne, akaitia kwenye begi, akarudi Kiptere kutafuta.

Hakutafuta sana. Alijizoeza. Kila asubuhi alitoa stuli ya mama yake nje, mahali ambapo wanaokwenda kuchuna chai wangemwona vizuri, akatandaza manila, akaweka mawe manne pembeni dhidi ya upepo, akaanza. Rodah alisimama kando akiwa na fimbo ya kufukuza kuku. Siku moja alichelewa, na jogoo akaacha maoni yake juu ya herufi P. Rodah alipangusa kwa kitambaa chenye maji, akapangusa na P yenyewe. Tangu hapo Nicholas aliibonyeza P kwa imani.

Jirani yao Beldina, ambaye aliuza samaki sokoni na hakuacha jambo lipite bila kulishika mkia, aliweka beseni chini siku hiyo akatazama kwa muda.

"Mama Nicholas," akasema, "huyu kijana anapiga karatasi. Ni maombi ama ni ugonjwa?"

"Ni masomo," Rodah akajibu.

"Woi. Na ilimwanza akiwa huko ama alienda nayo?"

"Beldina, uza samaki wako."

"Nauliza tu, mama. Wangu anapiga ngoma ya kanisa, nilidhani huyo ndiye mbaya."

Mathew hakusikia mambo hayo. Alikuwa na yake. Kule kwenye kiwanda cha chai, kilima cha pili kutoka Kiptere, ofisi ilikuwa imenunua kompyuta. Ilifika mwezi wa tatu ndani ya boksi kubwa kuliko jeneza la mtoto, na ilikuwa inakaa juu ya meza ya Amondi, mpiga chapa wa ofisi, aliyeishonea kitambaa cha uzi chenye maua ya kuifunika. Amondi alikuwa amepelekwa Kisumu kwa wiki mbili kufundishwa. Wiki mbili! Mathew alicheka mpaka akakohoa. Ya mwanawe ilikuwa miaka mitatu.

Alivaa koti, akaenda moja kwa moja kwa meneja, Bwana Nyamwange.

"Bwana meneja, mimi nina kijana."

"Kila mtu hapa ana kijana, mzee."

"Wangu ni wa gompyuta."

Bwana Nyamwange akaweka kikombe chini. Ukweli ni kwamba hiyo mashine ilimtisha, na alitamani apate mwanamume wa kusimama kati yake na hiyo mashine. "Mlete Ijumaa," akasema. "Kama anajua kazi, barua ya miezi mitatu naitia sahihi siku hiyo hiyo. Kama hajui, namwandikia pia, chuo chake kijue."

Ijumaa Nicholas aliamka na mapambazuko, akaoga, akapakwa mafuta na mama yake kama anayekwenda kubatizwa. Mathew alitaka kumsindikiza lakini ng'ombe wake alikuwa anazaa vibaya, akabaki. Hiyo ndiyo huruma pekee utakayoiona katika habari hii, na ilitoka kwa ng'ombe.

Kiwandani alikuta ofisi imejaa. Meneja alikuwepo, mhasibu alikuwepo, makarani wawili walikuwepo, na kwenye dirisha walikuwa wamejibandika vijana wa kutandaza majani, nyuso zao kama viazi kwenye gunia. Amondi hakuwepo. Kila Ijumaa asubuhi alikwenda posta kuchukua barua za ofisi, na kabla ya kwenda alizima mashine yake na kuifunika kitambaa chake cha maua, jinsi alivyofundishwa Kisumu.

Nicholas alisimama mlangoni. Akainama. Akavua viatu.

"Kuna nini?" meneja akauliza.

"Vumbi, bwana. Kompyuta na vumbi haziwezi kukaa chumba kimoja. Na nyinyi pia, tafadhali."

Ilisemwa kwa utaratibu wa hospitali. Wakatazamana. Bwana Nyamwange alikuwa wa kwanza kukaa na kufungua kamba. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia watu kama mzee aliyeamshwa. Mhasibu alivua polepole akiwa amegeukia ukuta. Karani mmoja hakuwa na soksi kabisa, akakunja vidole vya miguu chini ya meza. Yule wa pili aliamua kazi yake leo ingefanyika vizuri zaidi akiwa nje.

Nicholas akaosha mikono kwa maji ya jagi. Akaondoa kitambaa cha maua kwa vidole viwili, akakikunja. Akaketi. Kioo kilikuwa cheusi. Sawa; vioo vya Kepher navyo vilikuwa vyeusi, maandishi yalikuja ya kijani. Haya pia yangekuja.

"Niandike nini?"

"Barua tu," meneja akasema. "Ya kuwaalika wakulima kwa mkutano."

Nicholas akanyoosha vidole, akaanza.

Lazima tuseme haki: hakuna mtu aliyewahi kuona kitu kama hicho katika ofisi hiyo. Vidole vilipotea. Vilisikika tu, mvua ya mawe juu ya mabati. Hakuangalia chini hata mara moja. Mgongo ulikuwa wima, shingo imetulia, na mwisho wa kila mstari alipiga kitufe kikubwa kwa kidole kidogo, pa!, kama mtu anayemfukuzia mwenziwe nzi.

"Mama yangu," kijana mmoja akasema dirishani. "Ni kama anachuna. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi."

"Huyo angechuna gunia tatu kabla ya saa nne."

"Nyamazeni huko!" mhasibu akawaambia. "Mtu anafanya kazi ya kichwa."

Dakika tano. Kumi. Kioo kilibaki cheusi, na kilimsumbua kila mtu chumbani isipokuwa Nicholas. Yeye alikuwa amefunzwa miaka mitatu na karatasi. Karatasi ilipigwa ikanyamaza, naye akapata A. Kimya hakikuwa jambo la kumshtua. Aliandika salamu, akaandika tarehe, akaandika ajenda saba na mengineyo, akamalizia na wako mtiifu. Dakika ya ishirini, zile zile za Kepher, vidole vikasimama vyenyewe.

"Tayari," akasema.

Bwana Nyamwange akasogea, kidole gumba kikitangulia. Akainama mbele ya kioo, akaona uso wake mwenyewe.

"Maandishi yako wapi?"

"Yako ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwa memori."

"Basi yatoke."

Nicholas akabonyeza kitufe kimoja. Akabonyeza kingine. Akabonyeza viwili pamoja, halafu vitatu, mpaka mkono ukaonekana kama wa mtu anayekamua mbuzi. Shingo ikaanza kulowa. Hapo alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Angesema, "Bwana, mimi sijui kuiwasha," wangemcheka kidogo, wangemngoja Amondi, na labda barua angeipata. Lakini nje kulikuwa na dirisha lenye nyuso kumi, na kilima cha pili kulikuwa na baba. Nicholas akaweka sikio juu ya mashine. Akaigonga kwa kifundo cha kidole. Akainusa. Halafu akasimama, akaunganisha mikono mbele kama mwenye kutoa habari za msiba.

"Bwana meneja, pole sana. Hii mashine imekufa."

"Imekufa!"

"Prosesa imeungua. Ni unyevu wa hapa. Chai inatoa mvuke, mvuke unaingia ndani, sakiti zinakaanga polepole. Nimejaribu kuifikia kwa kibodi, lakini imeshaenda."

Mhasibu akakaa chini. Mashine haikuwa na miezi sita. Makao makuu wangetaka kujua nani aliiua. Bwana Nyamwange akajipangusa paji la uso.

"Imekufa lini?"

"Kama juzi hivi."

"Kabla yako."

"Kabla yangu kabisa."

"Na unaweza kuandika hivyo? Kwamba ni unyevu, si sisi?"

"Naweza, bwana. Kitaalamu."

Hapo meneja akamtazama kwa mapenzi. Akavuta karatasi kutoka kwenye droo, barua ya atachimenti iliyokwisha kupigwa chapa na kungoja, akafungua kalamu. "Wewe utakaa hapa miezi mitatu," akasema. "Mtu wa kujua mambo kama wewe, tutamwacha aende wapi?" Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake.

Mlango ukafunguliwa. Amondi akaingia, kikapu cha barua mkononi, viatu miguuni, matope na kila kitu. Akaona soksi. Akaona kidole cha meneja.

"Mbona mmevua viatu? Kuna maiti?"

"Kompyuta yako imekufa," mhasibu akasema kwa sauti ya chini.

"Imekufa na nimeizima asubuhi nikienda?" Akapita katikati yao, akaweka kikapu, akanyoosha mkono nyuma ya mashine.

Tik.

Mashine ikalia pii, ikakoroma kidogo, taa ndogo ikawaka kijani, na kioo kikaanza kujaza maandishi taratibu, bila kinyongo na mtu yeyote.

Kule dirishani mtu mmoja alitoa sauti kama mfuko wa unga unaopasuka, halafu wote wakapasuka. Mmoja alilala kwenye nyasi. Karani asiye na soksi alicheka akasahau miguu yake ikatoka wazi.

Amondi hakucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimgeukia Nicholas kwa upole, kama anayeuliza njia.

"Kijana wangu, si nimekusikia kutoka getini ukipiga? Ulikuwa unapiga nini?"

"Barua," Nicholas akasema.

"Kwa nani?"

Hapo hata mhasibu alianguka kwa kicheko.

Bwana Nyamwange alikuwa ameacha kalamu juu ya ile herufi moja. Aliichana karatasi vipande viwili, akavirudisha kwenye droo vizuri, kwa kuwa alikuwa mtu wa mpango. Akavaa viatu, akavifunga. Akasema, "Amondi, keti. Chukua barua. Kwa chuo kikuu."

Amondi akaketi. Alipiga kwa vidole viwili, akitafuta kila herufi kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe, na kila alipobonyeza, herufi moja ilitokea kwenye kioo. Nicholas alisimama kando na soksi zake akatazama. Ilichukua nusu saa. Printa ikaikata kwa kelele ya msumeno. Kisha meneja akasema isomwe kwa sauti, kijana aelewe anachobeba.

"'Mwanafunzi huyu anaandika haraka kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumwona,'" Amondi akasoma. "'Kwa bahati mbaya hapa tunapenda barua zinazosomeka. Hatuwezi kumchukua. Mashine yetu ni nzima, pamoja na kwamba mwanafunzi wenu aliitangaza imekufa. Tunamrudisha kwenu, na tafadhali mumwonyeshe swichi.'"

Bahasha ikafungwa kwa gundi. Akapewa mkononi.

Nyumbani jioni ndama alikuwa amezaliwa akiwa hai, na Mathew alikuwa amelala kwa uchovu. Rodah ndiye aliyeuliza.

"Uliifanya hiyo kazi?"

"Niliifanya."

"Na wao?"

"Walicheka."

"Walifurahi!" Rodah akasema, akamwongezea maziwa.

Asubuhi ya Jumamosi Mathew alimbebesha mwanawe gunia la majani, wakateremka kwenye kituo cha kununulia chai. Majani yangeweza kubebwa na punda. Kijana alibebeshwa ili aonekane. Lakini lori la kiwanda lilikuwa limewatangulia, na vijana wa lori hupeleka majani na kurudisha habari. Walikuwa wamezimwaga zote kabla hata ya kushusha mizani. Wakulima hamsini walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakimngoja Nicholas, wametulia kama walio kanisani kabla ya sadaka. Katika kituo kizima, asiyejua alikuwa baba yake peke yake.

Chepkirui, karani wa mizani, aliweka kalamu nyuma ya sikio. Akasalimu kwa uso mtakatifu.

"Chamgei, Baba Nicholas. Tumesikia daktari alipelekwa kuona mgonjwa kule kiwandani."

"Si niliwaambia?" Mathew akasema. "Miaka yote nawaambia, mnacheka. Leo mnaniita mkitaka habari."

"Tunataka sana, mzee."

"Tueleze!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na jirani yake akamfinya asiharibu.

Mathew akamshika Nicholas begani, akamsogeza mbele ya mizani mahali kila mtu angemwona. Barua ilikuwa ndani ya mfuko wa shati la kijana, na kona ya bahasha ilikuwa inamchoma kifua. Jumatatu angeipeleka chuoni mwenyewe. Mwaka wa tatu ulikuwa unamngoja tena, na Kepher, na zulia.

"Nicholas," Mathew akasema kwa sauti ya mkutano, "hawa ni watu wako. Wape ripoti, na usitie Kiingereza kingi. Mashine kubwa kama ile, wasomi wa Kisumu wameshindwa nayo, wewe ukaiangalia kwa macho yako. Waambie: ilikuwa na shida gani?"

Wakulima hamsini wakashika pumzi.

"Ilikuwa imezimwa," Nicholas akasema.